Mzee Valentino na Bango la Bi Chausiku

Tarehe 30 Juni, Mzee Valentino Stefano, fundi wa programu za kompyuta katika ushirika wetu wa pembejeo hapa Korogwe, anastaafu baada ya miaka kumi na tisa. Tunamuaga kwa machozi, hasa sisi tunaoachiwa programu zake.

Kila msimu programu yake humtumia msambazaji wa mbegu orodha ya maduka ya mawakala, katika faili la XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa alama maalumu ili kompyuta nyingine iyasome. Zana za kuandaa mafaili hayo zipo, tena za bure. Mzee alizikataa katakata, akisema ni za wavivu. Yeye aliliunga faili kwa mkono, kipande kwa kipande, na jina la duka akalitumbukiza kama lilivyo.

Basi, XML haipokei alama ya & ikiwa tupu. Lazima iandikwe &amp;, la sivyo faili lote linakataliwa. Mstari mmoja tu kwenye programu ungemaliza kazi. Thubutu! Mzee alipanda bodaboda hadi Segera kuwasihi wenye maduka waandike “na” badala ya alama hiyo, kwenye leseni na kwenye bango. Kwa heshima ya mvi zake, wakakubali. Mabango yakapakwa rangi upya hadi Mpale, nasi tukampa Mzee cheti cha mfanyakazi bora.

Aligonga mwamba Handeni, kwenye duka la “Chausiku & Munira”. Bango lile lilichorwa na marehemu Mdoe, mume wa Bi Chausiku, wiki aliyozaliwa binti yao Munira. Bi Chausiku alisema haligusi mtu, na kama kompyuta ina shida, ije yenyewe kumwomba. Duka likaondolewa kwenye orodha. Misimu miwili mama wa watu hakupata mbegu, wateja wakahama.

Mwaka huu Mzee alikwenda kumbembeleza mara ya mwisho. Alikuta rafu tupu, na Munira juu ya kiti akilifuta bango vumbi. Alirudi ofisini, akakaa, akauandika ule mstari. Chai yake ilikuwa bado ya moto alipomaliza. Mbegu zikafika Handeni, na sote tulifurahi mno.

Habari zimefika Segera. Wenye maduka wanazitaka alama zao, na Mzee ameahidi kuzirudisha kwa mkono wake. Ngazi ameshaazima.

Asante kwa yote, Mzee wetu. Tunakuombea afya njema, rangi ya kutosha, na mkono usiotetemeka huko juu.