Chupa Iliyokosa Kuzikwa

Ndugu zangu mliokuja kwenye shukrani hii, mnivumilie nikitembeatembea hapa mbele. Tangu ule ugonjwa, kukaa kumenishinda.

Mnakumbuka nilivyokimbizwa hospitali hapa Machakos tumbo likiniuma upande wa kulia. Walinipasua, wakatoa kidole tumbo. Nilipoamka maumivu yamepungua, nikataka nirudi nyumbani Mwala siku hiyo hiyo nikaone mbuzi wangu.

Nesi akampa mke wangu chupa. Ndani, kwenye dawa ya kuihifadhi, ilikuwa ile nyama iliyotolewa. Aipeleke maabara, waikate vipande vyembamba waitazame kwa darubini. Mama yangu, huyo mnayemwona ameinamisha kichwa, akakataa katakata.

"Hiyo ni mwili ya mtoto wangu. Tunaenda kuizika nyumbani. Nimeshaambia watu wachimbe shimo."

"Mwaitu, mama yetu, daktari anataka ichunguzwe," mke wangu akamwambia.

"Ichunguzwe ya nini na imeshatoka?"

Nawaambia, mimi kitandani nilitaka tu wanyamaze. Mke wangu akaikumbatia ile chupa. "Wacha waangalie kwanza, mwaitu. Ikirudi, tutazika." Akaondoka nayo kabla hajajibiwa.

Nikarudi nyumbani, kidonda kikakauka. Majirani wakasema nimepona, nataka nini tena? Lakini yale majibu! Simu ikilia, naruka. Nikikaa, mguu unatikisika wenyewe. Nilizunguka boma mpaka mbuzi wakanichoka.

Daktari akaniita. Kwenye ile nyama, karibu na pale walipokata, kulikuwa na uvimbe mdogo wa saratani. Kwa macho hakuna aliyeuona, hata yeye. Niliogopa, ndugu zangu, nikalia. Wakanipasua tena, isije ikawa mingine imebaki ndani, wakatoa kipande cha utumbo. Nacho kikaenda maabara, nami nikarudi kuzunguka boma. Safari hii mama alizunguka nami. "Wamepiga simu?" Dakika kidogo, "Bado?" Hatimaye wakapiga. Hakuna saratani iliyobaki.

Asante, mke wangu. Asante daktari, na wale wa maabara ambao hata sura zao sizijui. Nanyi, mtu wenu akipasuliwa, msitoke hospitali kabla ya kuuliza: iliyotolewa imepelekwa wapi, na majibu ni lini? Kisha muyafuate, hata kama mgonjwa anacheka na kula.

Mama, nawe asante. Juzi nilimkuta akilifukia lile shimo kwa mikono. Nikamwambia aniachie, nilete jembe. Akakataa.

"Karibu nizike wewe hapa," akasema.

Basi, wacha nikakae karibu naye, nione kama leo nitaweza.