Veronica Tharsisi Bihole, Aliyewasemesha Waliopoteza Fahamu

Ndugu waombolezaji, dada yetu mpendwa Veronica alizaliwa Heru Juu, Kasulu, tarehe 14 Aprili 1971, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Tharsisi Bihole na Mama Esteri.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini, kisha akaenda Kigoma kusomea uuguzi na kuhitimu mwaka 1994. Kazi aliianzia Kibondo. Huko ndiko alikofika Mwalimu Gasper Rugwa na kidonda cha kuanguka na baiskeli. Kidonda kikakauka, Mwalimu akaendelea kuja. Siku moja marehemu alimwuliza mbele ya foleni nzima, "Mwalimu, mguu umepona. Sasa unaumwa wapi?" Walifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1998.

Mwaka 2012 alihamishiwa Kasulu, kwenye chumba cha wagonjwa mahututi. Ndiyo miaka ile vijidudu vya vidonda na vya damu vilipoanza kukataa dawa. Sindano iliyokuwa ikiponya ikawa kama maji. Wakibadilisha, nayo inakataa. Sampuli zilipelekwa maabara ya Mwanza, na majibu yalirudi yamebakiza dawa moja tu, nayo ilipatikana kwa shida. Wakati wa kusubiri, marehemu aliosha vidonda, akawageuza wagonjwa, akawasemesha kwa Kiha hata wale waliozimia kabisa. Aliwaambia wasiondoke, dawa iko njiani.

Mzee Ildefonsi wa Kitanga alikuwa wa kwanza kupona kwa dawa hiyo. Alipozinduka aliuliza, "Mwenzako yuko wapi?"

"Mwenzangu yupi, mzee? Nipo peke yangu."

"Yule aliyekuwa anakujibu. Ukiniambia nisiondoke, yeye anasema nafasi yangu iko tayari."

Marehemu alitusimulia haya akicheka. Mwaka uliofuata Siti, mwuza vitenge wa mjini asiyemfahamu yule mzee, alizinduka na kuuliza swali lilelile. Safari hii dada hakucheka. Tangu hapo aliwasemesha wagonjwa akiwa ameuelekea mlango. Lakini hakuacha kuwasemesha.

Januari 2015 kidole tumbo chake kilipasuka. Alipasuliwa, mshono ukaoza, sumu ikaingia kwenye damu. Vilikuwa vijidudu vilevile alivyopambana navyo. Tulivaa glavu na kanzu za hospitali kumsogelea, na yeye ndiye aliyetukemea tukisahau. Mdogo wetu Perpetua alimwuliza kama naye anaisikia ile sauti.

"Naisikia," alisema. "Inaongea Kiha kizuri kuliko changu."

Ile dawa ya mwisho ilifika, homa ikaanza kushuka, ila mkojo ukapungua. Daktari Firdausi Mansuri aliketi karibu naye. "Dada Vero, dawa inafanya kazi, lakini inakula figo. Tuendelee, au nipumzishe?"

"Ukipumzisha, vitarudi?"

"Vitarudi."

"Basi endelea. Ninaogopa, Daktari, lakini endelea."

Alifariki Ijumaa, tarehe 6 Machi 2015, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mwalimu Gasper uliovaa glavu. Chumba kilinyamaza kwa namna ambayo hata wauguzi wenzake hawakuizoea. Mmoja wao alitoka nje, hakutaka kurudi.

Tulikuwa tukijiandaa kumwosha, watu wa maabara ya Mwanza wakapiga simu. Daktari alisikiliza, akatugeukia. "Sampuli ya mwisho ya damu. Hakuna kilichoota. Vijidudu vilikwisha kufa."

"Sasa kilichomuua ni nini?" Mwalimu aliuliza.

"Figo, Mwalimu. Hazikuihimili dawa."

Daktari alituomba tuvae glavu hata hivyo. Perpetua alizivua. Tangu Januari hakuna aliyekuwa amemgusa dada kwa ngozi yake. Alimwosha uso, shingo na viganja kwa mikono mitupu, taratibu, na hakuna aliyemzuia.

Marehemu ameacha mume, Mwalimu Gasper, watoto watatu, Tharsisi, Leokadia na Benedicto, mama yetu Esteri, na sisi wadogo zake wanne.

Dada Vero, sasa pumzika. Mungu akulaze mahali penye amani.