Skii za Houda na tairi la wasiojua

Ukitaka kujua jambo lolote la dunia hii, usijisumbue na shule. Nenda Buyenzi, kwenye benchi lililo mbele ya gareji ya Ilyasi, asubuhi, Mwantum akishawasha jiko la kahawa yake ya tangawizi. Hapo wanakaa watu wanaojua. Wanajua kwa nini ziwa limepanda, wanajua kwa nini timu ilifungwa, wanajua ndoa ipi mtaani haifiki mbali. Na ili ujuzi huo usije ukachafuliwa, wamejiwekea sheria moja tu: mtu akisema «sijui», anainuka kwenye benchi, anavuka mtaro na kwenda kukaa juu ya tairi la lori lililolala upande wa pili, kwenye jua kali, mpaka mwenzake naye ateleze ulimi. Tairi lenyewe limeota majani katikati. Tangu liwekwe pale hakuna aliyelikalia.

Siku hiyo Ilyasi alitoka gareji na simu mkononi, hajagusa spana. Binti yake Houda ni muuguzi Uswisi, kwenye mji mdogo uliozungukwa na milima. Utotoni alikuwa akishinda uvunguni mwa magari na baba yake, akiuliza hiki cha nini na kile cha nini mpaka mzee anachoka. Tangu aende Ulaya haulizi tena, anaarifu. Amehama nyumba, ameongezwa cheo, amenunua gari bila hata kumtumia baba yake picha ya injini, na hilo la injini lilimuuma Ilyasi kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Sasa usiku uliopita, ghafla, mtoto kaleta picha na sauti.

Akaiweka sauti hiyo wote waisikie. «Baba, wenzangu wa kazini kesho kutwa wananipeleka mlimani na skii. Si kule kwenye mashine, ni porini, mbali na barabara kabisa. Neige, ile theluji ya huko, si moja: asubuhi inakuwa ngumu sawa na simenti, huko juu iko unga, saa sita inageuka tope. Wameniwekea pea tatu nichague. Mi niliwaambia najua. We unajua vyuma, baba. Nichukue gani?»

— Ukamujibu nini? akauliza Mwantum.

— Nilimwambia asubuhi nitamupa jibu. Najua, mais nataka kusikia na mawazo yenu.

Kwenye benchi lile mtu hawezi kusema vingine.

Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Pea tatu za skii, zile mbao za kuvaa miguuni na kutelezea, zimeegemezwa ukutani: moja nyembamba na nyepesi, moja pana yenye pua iliyoinuka, na moja ya katikati isiyo na sifa yoyote ya kutazamika.

Wa kwanza kuirudisha simu alikuwa Marcellin, aliyestaafu serikalini na kurudi nyumbani Ngagara pamoja na cheo chake, ndiyo maana anaitwa Directeur, yaani mkurugenzi.

— Neige mi naijua, alisema. Nilifanya stage, mafunzo ya kazi, Bruxelles. Ilianguka mbele ya macho yangu.

— Uliikanyaga?

— Niliiona vizuri sana. Kwenye dirisha.

Aliyeuliza ni Astère, mchuuzi wa vitenge anayeishi Gatumba na kuvuka mpaka kila wiki. Maji yameingia nyumbani kwake mara nyingi kiasi kwamba anajihesabu mtaalamu wa kila kitu chenye unyevu, na benchi zima linamwita Mafuriko.

— Neige ni maji imelala tu, alisema Mafuriko. Na maji usinifundishe. Siku mto uliingia kwetu, tuling'oa mulango tukautembeza juu ya tope. Wenye mbao nyembamba walizama mpaka hapa. Akajigonga goti. Achukue ile pana, fundi. Ile itaelea.

— Ile pana ni sawa, mais sababu si hiyo, akaingilia Xavier. Sababu ni uzito.

Xavier zamani alikuwa akiteremsha ndizi mjini kwa baiskeli kutoka Bugarama, ule mlima wote, na jina lake la Sans-Frein, yaani bila breki, linaeleza yaliyobaki. Mguu wake wa kushoto unaeleza mengine.

— Kwenye kuteremuka, sha, kitu nyepesi inaruka-ruka halafu inakutupa. Mi nilikuwa nafunga mikungu huku na huku, baiskeli inakamata njia, huwezi hata kuitoa. Achukue ile nzito. Na mugongoni aongeze kitu.

— Aongeze nini?

— Hata ndizi.

— Uswisi.

— Kwani Uswisi hawakulaka ndizi?

Directeur alisubiri wamalize, kwa subira ya mtu aliyekaa kwenye mikutano mingi ambayo haikuamua kitu.

— Bon. Ile nyembamba ni ya simenti ya asubuhi, kwa sababu inauma na kushika. Ile pana ni ya unga. Sasa ile tope ya saa sita ni ya nani? Serikalini, kukiwa na dossier tatu mezani, unachukua ya katikati. Hakuna mutu alifukuzwa kazi juu ya ile ya katikati.

— Ya katikati haielei na haiumi, alisema Mafuriko.

— Haielei sana na haiumi sana. Ndiyo maana inafaa.

Ilyasi alikuwa upande wa ile nyembamba. Maisha yake yote amefunga matairi, na tairi jembamba, aliwaeleza, linatoboa takataka za juu na kukutana na kitu kigumu chini. Aliongea vizuri. Aliongea hata kuhusu chuma cha kushika kisigino, alichokuwa akikiona kwa mara ya kwanza, na jinsi ambavyo yeye angekikaza. Lakini kila alipokunywa kahawa, lile neno la Houda lilimrudia: niliwaambia najua. Lilikuwa na sauti ndogo kuliko maneno mengine. Alilisukuma chini kwa tangawizi.

Mwantum alikuwa ameichukua simu ajaze vikombe huku akitazama.

— Na hii kitu inaning'inia kwenye musumari ni nini? Ni mukanda murefu. Iko na manyoya.

— Foulard ya shingo, alisema Directeur. Huko baridi ni nyingi.

— Ni ya kukalia, ukichoka, alisema Sans-Frein.

— Ni ya kupanguza, alisema Ilyasi, na kwa sababu yeye ndiye fundi, maneno yakaishia hapo. Kila chombo iko na kitambaa yake.

Wakarudi kwenye jambo la maana. Mafuriko alikuwa ameshapata maendeleo: kwa nini mtoto achague pea, wakati ana miguu miwili? Avae skii pana mguu huu, nyembamba mguu ule. Akikuta unga anaegemea kulia, akikuta simenti anaegemea kushoto.

— Na kwenye tope?

— Anaruka.

Directeur aliona mpango huo hauna nidhamu. Alipendekeza Houda abebe pea zote tatu, kama vile karatasi za ofisini zinavyotolewa kopi tatu, na abadilishe kila theluji inapobadilika. Sans-Frein akamuuliza nani atambebea. Directeur akasema huko Ulaya lazima kuna huduma. Sans-Frein akatikisa kichwa, akasema hawa watu hawajawahi kuteremka kitu chochote maishani mwao zaidi ya ngazi, kisha akatoa lake: afunge mbili pamoja akae juu yake, ya tatu aishike nyuma iwe usukani, na miguu iwe frein.

— Wewe unamushauri mutu kuhusu frein? Mwantum akamuuliza.

Hapo ndipo walipokumbuka kwamba kuna mtu wa sita. Mwishoni mwa benchi alikuwa amekaa mama mmoja wa Kibenga, Léoncie, aliyekuja kufuata gari lake. Rejeta ya gari hilo Ilyasi amekuwa akiisifu kuwa karibu kupona tangu wiki iliyopita. Mama alikuwa amepewa kahawa ili asiulize habari za rejeta, na kweli hakuuliza.

— Samahani, mi niko mugeni hapa, alisema. Hiyo mulima, mutoto anaipanda na nini?

Sans-Frein alimgeukia kwa huruma.

— Mama, kupanda si kazi. Unangoja camion, lori ya mizigo, inapita pole pole, unakamata nyuma na mukono moja, unapumuzika mpaka juu. Sisi wote Bugarama tulipanda hivyo. Akili yote iko kwenye kuteremuka.

— Ndiyo. Mais mutoto amesema mbali na barabara kabisa.

Ilyasi akairudisha sauti mwanzo, na kweli, ilikuwemo. Ilikuwemo tangu saa ile ya kwanza, mbali na barabara kabisa, na watu wanne wanaojua kila kitu walikuwa wameiruka.

— Basi kuna mashine ya kuvuta, alisema Sans-Frein.

— Amesema si kule kwenye mashine, alisema mama, bila ubaya.

— Hiyo ni swali ya technique, alisema Directeur. Inaombaka commission ya kuichunguza.

Mafuriko aliomba sukari, ingawa kikombe chake kilikuwa kitupu. Sans-Frein aliinama kukagua mguu wake. Hakuna aliyeangalia ng'ambo ya mtaro, na kwa jinsi walivyojitahidi kutoangalia, ungedhani kule kumelazwa maiti.

Ilyasi aliogopa. Si mambo ya benchi tena, ni hofu yenyewe. Kuna mlima, kuna mtoto wake, na kuna watu ambao Houda amewaambia kwamba anajua. Kesho watamfuata au watamwacha nyuma wakiamini hivyo. Na neno hilo la «najua» mtoto hakulitoa Uswisi. Alilisikia hapa, akiwa bado anatambaa chini ya magari, kila mteja alipouliza na baba yake akajibu kabla swali halijaisha.

Akabonyeza simu, akaileta mdomoni, mbele ya wote.

— Houda, mwanangu. Mi sijui. Sijui gani uchukue, na sijui hata huko juu munafikaka namna gani. We unajua?

Directeur akafumba macho. Mafuriko alisema taratibu kwamba pengine fundi alitaka kusema kitu kingine. Ilyasi alichukua kofia yake, akavuka mtaro, akang'oa majani mawili matatu na kukaa juu ya tairi. Lilikuwa la moto, akajirekebisha, akakaa tena.

Jibu halikuchelewa. Kwanza ni kicheko, kile cha uvunguni mwa gari, ambacho hakuwa amekisikia kwa miaka. Halafu kicheko kikabadilika kidogo, ikabidi Houda apumue kabla ya kusema.

«Mi pia sijui, baba. Naogopa tangu Jumatatu. Nilidhani we utaniambia tu, halafu niwaambie nao. Ngoja. Ngoja nikawaulize.»

Akangoja, jua likimpiga kisogoni. Mwantum alivuka akamletea kahawa, akarudi kwenye jiko lake. Sauti ya pili ilipokuja ilikuwa ndefu, na nyuma yake watu walikuwa wakicheka na kuvuta viti. Ule mkanda wa manyoya kwenye picha, baba, ndio wa kupandia. Unabandikwa kwa gundi chini ya skii. Manyoya yamelala upande mmoja, kwa hiyo skii inakwenda mbele na inakataa kurudi nyuma, na kisigino kinaachwa wazi. Unapanda hivyo, hatua kwa hatua, na miguu yako. Juu unaubandua. Mélissa wa zamu ya usiku amenionyesha hapa kwenye korido, walinicheka kidogo tu. Wamenipa pea ya katikati, na kesho nitakaa katikati yao, na tukifika pabaya sana mi nitavua nitembee. Halafu akaanza kumuuliza: je, gundi ile, kwenye baridi kali, we unaona itashika? Na baba, ule mkanda, unajua unafanana na nini?

Kule kwenye benchi walikuwa wamejipanga shingo mbele.

— Kasema nini, fundi? Directeur akapaza sauti. Ni ile ya katikati?

— Anapandaka na nini? akauliza Sans-Frein.

Ilyasi aliweka kikombe juu ya ukingo wa tairi na kunyoosha miguu.

— Sijui, aliwajibu, akairudisha simu sikioni.