Kadi ya Dira Niliyoitupa

Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Hamasaki. Ndugu Mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtaa wa Bandarini. Ndugu wageni waalikwa mliotoka mbali na kubadilisha treni mara mbili. Majirani zangu, ambao viatu vyenu nimevitazama mlangoni nikajua nani hajaja. Na wewe Baba Yasuo, mume wangu, uliyeketi mstari wa mbele na tai niliyokufunga asubuhi ukaifungua, nikakufunga tena: nawasalimu nyote kwa heshima.

Aliyestahili kusimama hapa ni yeye, Tokuzo Hirabuki, fundi saa wa mji huu kwa miaka hamsini, na mkusanyaji wa vyombo hivi mnavyoviona kwenye makabati. Lakini tangu alipougua majira ya baridi, maneno yake yamekuwa machache, na kumbukumbu zake huja na kuondoka bila kuaga. Jumuiya iliponiomba niseme kwa niaba yake nilikataa mara mbili, kama adabu inavyotaka. Mara ya tatu nikakubali, kwa sababu ninalo jambo langu mwenyewe la kusema.

Wengi wenu mlisoma darasa la pili katika chumba hiki, kabla shule haijafungwa kwa kukosa watoto. Leo tunakifungua kama makumbusho, kina dira za ndege, saa za manowari, na vyombo vya kupimia kimo cha jua na nyota, vyote vya jeshi letu la zamani. Mmeniuliza miaka mingi, wengine kwa upole na wengine kwa kejeli: mtu mpole kama Tokuzo anataka nini na vitu vya vita? Nilimuuliza pia. Alinijibu bila kuinua macho kwenye saa aliyokuwa akiitengeneza: "Sikusanyi panga, sikusanyi bunduki. Nakusanya vile ambavyo mtu alivitazama akitaka kujua njia ya nyumbani."

Msidhani nilimwelewa siku hiyo hiyo. Mwaka tuliooana nilimtuma gulio la hekaluni akanunue sufuria ya wali. Akarudi amekumbatia sanduku la mbao. Nikauliza, "Sufuria iko wapi?" Akasema, "Sufuria zipo kila mwezi, Kinue. Hii ikinipita, imenipita." Ilikuwa dira yenye kutu. Mwaka mzima tulipikia sufuria ya kuazima kwa mama mkwe, naye hakuacha kunikumbusha.

Alikuwa na sharti moja: chombo hakisuguliwi. Alama ya kidole, doa la mafuta, jina lililokwaruzwa kwa msumari, vyote vibaki. "Ukisugua, unamfuta mtu," alikuwa akisema. Nami ndiye niliyemfuta mtu, ndugu zangu, na mtu huyo ana binti, na binti huyo ameketi kati yenu.

Niwaeleze kidogo, maana hata mimi nilichelewa kujua. Dira ikifungwa ndani ya ndege hukosea, kwa sababu chuma cha ndege huivuta sindano. Kwa hiyo msoma njia, yule anayemwelekeza rubani, huigeuza ndege uwanjani, upande baada ya upande, na kuandika kwenye kadi ndogo: hapa inakosea digrii mbili, hapa nne, hapa saba. Kosa halimfanyi aitupe dira. Hulijua, hulihesabu, na husafiri nalo.

Miaka ishirini na mitatu iliyopita, mwezi wa Desemba, nilikuwa katika usafi wa mwisho wa mwaka. Mnajua wenyewe siku hizo: mikeka nje, madirisha wazi, baridi inauma, na aibu ya kuukaribisha mwaka mpya na vumbi la mwaka uliopita. Nikafika kwenye rafu ya mume wangu, nikafungua sanduku moja la dira. Ndani ya mfuniko kulikuwa na jina kwa wino: Nanbara. Chini yake karatasi ya kahawia, imelowa mafuta, imegandwa na wadudu wakavu. Nikaitia kwenye taka za kuchomwa, nikafuta sanduku, nikaona nimefanya kazi njema.

Januari akalifungua. Akaniita jikoni. "Kinue, hukuona karatasi humu?"

Nikasema, "Karatasi gani?"

Alinitazama kidogo. Kisha akasema, "Basi labda unyevu umeila," akaomba chai. Hatukulizungumza tena. Siri ya mtungi aijuaye kata, nami nilidhani kata ni mimi peke yangu.

Mwezi wa nne mwaka huu, Bibi Itsuyo Nanbara alibisha hodi kwetu. Alikuwa amesoma gazetini majina yaliyokutwa kwenye masanduku yetu. Baba yake alikuwa msoma njia. Aliondoka miezi mitatu kabla yeye hajazaliwa, na hakurudi. Dira hii ilikuwa imeshafunguliwa kwenye ndege yake na kuwekwa nyingine kabla hajaondoka, ndiyo maana ipo. Bibi Itsuyo aliishika kwa mikono miwili akasema, "Nyumba yetu iliungua na barua zote. Sijawahi kuona hata herufi moja ya mkono wa baba. Hakukuwa na kadi yake?"

Na kabla sijafungua mdomo, mume wangu, aliyeniita kwa jina la dada yake asubuhi ile, alisema kwa sauti safi kabisa: "Iliharibika kwa unyevu." Bibi Itsuyo akainama, akashukuru, akaenda kituoni. Nililia nikiosha vikombe.

Mwezi uliopita, nikifungasha vitu vya kuleta hapa, nilikuta daftari chini ya meza yake ya kazi. Kumbe kila kadi aliyoipata, kabla ya kuigusa tena, aliinakili kwa karatasi nyembamba aliyoilaza juu yake, mstari kwa mstari, kwa jicho lile lile la fundi saa. Ya Nanbara ilikuwemo. Pembeni alikuwa ameandika, na tarehe ni ya Januari ile: "Asili imetupwa na Kinue katika usafi. Hakujua. Asiulizwe tena."

Mnaona, ndugu zangu? Ugonjwa umemsahaulisha daftari, umemsahaulisha nakala, siku nyingine unamsahaulisha jina langu. Ule uongo wa kunisitiri haukumtoka. Miaka ishirini na mitatu alilijua kosa langu akasafiri nalo, na nampenda leo kuliko siku aliyonikosesha sufuria.

Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Bibi Itsuyo, mbele ya Meya na majirani zangu, nainama kwako. Si unyevu. Mimi ndiye niliyeitupa kadi ya baba yako, na ulipoiulizia nilinyamaza. Nisamehe. Kabati la tatu halina dira, wageni msidhani tumeibiwa; mwanetu Yasuo na mimi tumekubaliana, iko ndani ya kitambaa hiki pamoja na nakala. Ni zako. Hakuna maneno mle, ni tarakimu tu, lakini kila moja imefuatwa kama alivyoiandika yeye.

Neno moja zaidi. Asubuhi uliandika namba yako ya simu kwenye kitabu cha wageni. Nilisimama nyuma yako. Saba zako zina ndoano ndogo juu, kisha mguu umepinda kushoto. Sijui kama mkono hurithiwa, au mama yako aliandika hivyo kwa kumkumbuka mumewe akakufundisha. Nasema nilichokiona: kwenye kadi ya baba yako kuna tarakimu tatu za saba, na zote zimeandikwa vile vile.

Na wewe, Baba Yasuo, umesikia. Si unyevu. Ni mimi.

Mnamwona? Anatikisa kichwa. Anasema... ndugu zangu, anasema ni unyevu.

Basi, kama mwenyewe amekataa kunishtaki hata mbele ya Mheshimiwa Meya, sina la kuongeza. Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Mniruhusu sasa nikakae kando yake, maana ameifungua tena ile tai.