Tiki Niliyoweka Nikiwa Nimesimama

Shikamooni mama zangu, na amani kwenu wenzangu wa jumuiya yetu ya Pasiansi. Mnanijua, mimi ndiye yule nesi wa wodi ya wazazi anayewafokea mkichelewa kliniki. Leo nisikilizeni nikijifokea mwenyewe.

Siku ile wodi ilifurika, kina mama wamelala wawiliwawili. Binti mmoja wa kijiji cha Busisi, ng'ambo ya ziwa, uzazi wake wa kwanza, alikuwa anasubiri kuruhusiwa. Nilimuuliza nikiwa nimesimama, kalamu mkononi, "Mtoto ananyonya?" Akainamisha macho, akajibu, "Ndiyo, sista." Nikaweka tiki kwenye faili: ananyonya vizuri. Ndugu zangu, nawaambia, sikukaa. Wala sikumwomba afunue kanga nione.

Siku ya nne alirudi. Mtoto midomo imekauka, nepi haijalowa tangu jana yake. Tulihangaika na mtoto mpaka saa saba mchana, akafia mikononi mwangu.

Wenzangu waliniambia ninyamaze. Pale kazini anayekosea huandikiwa barua ya onyo, na isitoshe, walisema, ni mapenzi ya Mungu. Nikanyamaza miezi mitano. Nikisikia kichanga kinalia, najifungia chooni nalia na mimi.

Ndipo akaja nesi mtafiti na karatasi za maswali kuhusu usalama wa wagonjwa. Swali mojawapo lilisema: kosa likitokea hapa kwenu, mnalisema? Jirani yangu aliweka tiki ya ndiyo harakaharaka, kama mimi siku ile. Mkono wangu uligoma. Nilikwenda kwa mkuu wa wodi nikamweleza yote. Nilitegemea barua. Yeye alivuta kiti, akasema, "Kaa. Tuanzie asubuhi ile." Tangu hapo mama haruhusiwi kwenda nyumbani mpaka nesi amekaa naye na kuona mtoto ananyonya na kumeza.

Moyo bado haukutulia. Nilivuka daraja la ziwani nikamfuata yule binti kwao Busisi, nikakiri mbele yake. Akasema, "Nilijua hanyonyi, sista. Niliogopa utanifokea."

Namshukuru mtafiti yule, na mkuu wangu, na ninyi mliokuja kusali nami bila kuuliza kilichonisibu. Mabinti, nesi akiwauliza, semeni kweli hata akikunja uso. Nami nina ombi moja tu kwenu. Mkinikuta wodini nauliza nikiwa nimesimama, niambieni nikae.