Mpiga Picha wa Ghorofa za Kirumba

Ndugu waombolezaji, baba yetu Venant Shimba alizaliwa Nassa tarehe 4 Machi 1938, akasoma huko huko hadi darasa la nane, na mwaka 1955 akaja Mwanza kujifunza kupiga picha kwa Mzee Abdillah, aliyemlea kama mwanawe.

Mwaka 1966 aliajiriwa na kampuni ya umma kupiga picha majengo mapya ya saruji, na tarehe 20 Agosti 1967 alifunga ndoa na Bernadeta, wakajaliwa Hellen, Masele na Winnie. Wakubwa walitaka picha za majengo matupu, lakini ghorofa za Kirumba zilipopata wapangaji mwaka 1969, marehemu alirudi huko kila mwaka, Jumapili baada ya misa, akawapiga picha wakiwa kwenye veranda zao, nguo zimeanikwa, na nyuma ya picha akaandika tarehe na jina la kila mtu, hata kichanga, wakamtania kwa kumwita Bwana Sensa.

Mwaka 1993 alipunguzwa kazini, akafungua studio ndogo Mkuyuni. Mei mwaka huu, ghorofa zile zilipotangazwa kuuzwa, tajiri mmoja alimwita azipige picha, akataka nguo zianuliwe na akina mama waingie ndani, na marehemu akamjibu kwa upole, "Bosi, ukuta huu uliachwa matundu ili upepo wa ziwa uwafikie hawa, nikiwaondoa nitakuwa napiga picha ya nini?" Akafunga kamera yake, akaondoka.

Baadaye wapangaji waliambiwa wahame, kwamba ni wavamizi waliohamia juzi tu, na marehemu, miguu ikiwa imeshavimba kwa ugonjwa wa moyo, alipeleka picha zake kwenye kikao cha mji, Mama Mwanvua wa ghorofa ya pili akimshika mkono kwenye ngazi, akaonyesha familia kumi na mbili zikiwa pale pale, mwaka hadi mwaka, tangu 1969.

Alilazwa tarehe 2 Novemba, akawa anamuuliza kila aliyekuja kumwona kama majibu ya kikao yametoka, na Alhamisi tarehe 13 Novemba 1997, saa nne asubuhi, alifariki dunia kabla ya kujibiwa.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi aliyemnywesha uji kwa kijiko bila haraka, majirani wa Mkuyuni, wapiga picha wenzake waliofunga studio zao leo, na wapangaji wa Kirumba ambao wamepika tangu juzi.

Barua ya kikao cha mji ilifika jana saa tisa alasiri, familia zote kumi na mbili zinabaki. Majibu yametoka, Baba, sasa pumzika kwa amani.