Maisha ya Papa Fabien Cirhuza, Secrétaire Mwenye Kuhesabu Mara Tatu

Ndugu wa familia, majirani wa Cimpunda, walimu na wanafunzi, mimi ni Xavier, kaka ya mujane Apolline, shemeji ya marehemu, na familia imenichagua nisome maisha yake, na imechagua vizuri, kwa sababu haya yote niliyaona na macho yangu mawili, na hata yale yaliyopita mbele ya kuzaliwa kwangu niliyauliza sana mpaka ni kama nilikuwa nimesimama pale.

Papa Fabien Cirhuza Bulonza alizaliwa Luhwindja, territoire ya Mwenga, siku ya Posho, ndio Jumamosi, tarehe 12 mars 1966, mutoto wa tatu wa muzee Bulonza, muchimbaji wa zahabu, mwenye alipima unga wa zahabu kwa mizani kidogo na vijiti vya kiberiti, na Fabien ndiye alishikishwa vile vijiti, akavihesabu mara tatu kila mara, mbele hata ya kujua kufunga kifungo cha shati yake mwenyewe.

Alisoma primaire kule Luhwindja toka mwaka 1972 mpaka 1978, kisha akateremuka Bukavu kwa shangazi yake, hapa hapa Cimpunda, akamaliza secondaire na kupata diplôme d'État mwaka 1984, na mimi niliyeachia shule mwaka wa ine ninashuhudia kwamba ile diplôme aliifunga katika plastiki tatu, moja ndani ya ingine, na hakuna mutu aliyeigusa bila kunawa mikono. Mwaka 1985 akaanza kufundisha, na toka septembre 2003 akawa secrétaire wa shule yetu, kazi aliyoshika mpaka mwisho.

Alimuoa dada yangu Apolline siku ya Posho tarehe 8 août 1992, na Mungu akawapa watoto watano, wa kwanza Ghislaine, wa mwisho Luc, na wajukuu watatu, na katika ndoa ile ya miaka karibu makumi tatu na mbili sikusikia kelele, isipokuwa katika miezi ya examen d'État, na hapo pia Apolline ndiye alipiga kelele peke yake, Fabien alikuwa anahesabu.

Wenye hamujafanya kazi ya shule munaona tu watoto wakinyunyiziana unga siku ya matokeo, lakini toka janvier secrétaire anajaza fiche ya kuandikisha kila finaliste wa mwaka wa mwisho, jina, picha mbili, tarehe ya kuzaliwa, code ya chiffres, ndio tarakimu, kumi na ine, na ukikosa chiffre moja mutoto wa watu anapoteza mwaka muzima, kisha inakuja dissertation, ile insha ya kwanza, inakuja kupanga viti, mutoto mumoja kwa banc, inakuja kutafuta wasimamizi wasiokuwa na mutoto wao katika chumba, na siku ya colis, ule mufuko wa maswali, yeye ndiye alionyesha watoto kwamba scellé, muhuri yake, haijavunjika. Kila mwaka alikonda, na miaka ingine Apolline alipasha musumari moto na kutoboa tundu mupya katika mukaba wake, na ule mukaba amevalishwa leo, uko na matundu saba ya nyumbani.

Sasa niwaambie mwaka huu wa 2024, kwa sababu ndio ulimupeleka. Mwezi wa février, bati la bureau lilikuwa linavuja, na tone lilianguka karibu na fiche ya Colombe, mutoto wa yule maman mujane muuza makala hapa kwa avenue yetu, basi Fabien, kwa kuogopa maji, akaichukua ile fiche moja akaificha mahali pakavu kupita pote, ndani ya kitabu chake cha nyimbo za misa. Mvua ikapita, akahesabu zile zilizokuwa juu ya meza, mara tatu kama kawaida, akapata soixante-deux, makumi sita na mbili, akaandika soixante-deux, akaweka signature chini ya maneno vu et vérifié, imeonwa na kuhakikishwa, na karatasi zikaenda. Finalistes walikuwa soixante-trois, mumoja zaidi.

Siku ya Mungu tarehe 14 avril, wakati wa matoleo, akafungua kitabu aimbe wimbo usioimbwa toka ile mvua, na Colombe wa karatasi akamuangukia kwa magoti, picha zote mbili. Nilikuwa nyuma yake, niliona shingo yake ikigeuka majivu. Apolline akamuinamia, "Papa Ghislaine, unaumwa?" Akajibu, "Niko muzima. Nimeua mutoto wa watu." Mutoto mwenyewe alikuwa mistari mitatu mbele, anaimba kwa sauti yote, hajui kitu.

Siku ya kwanza ya juma akaenda bureau ya inspection, wakamuambia liste ya kuongeza inafungwa kesho saa tisa, na mwenye kusaini ni inspecteur peke yake, na inspecteur iko Lwiro, amefiwa na mama mukwe. Basi kesho yake asubuhi tukapanda moto, ndio pikipiki, wote wawili nyuma ya dereva, Fabien katikati na fiche ndani ya shati yake, matope mpaka kwa meno, na toka Kavumu mpaka Lwiro hakufunga mudomo, alikuwa anarudilia ile code ya Colombe, chiffres kumi na ine, dereva akachoka akasema, "Papa, utanifanya nipite njia panda yetu, mimi ninahesabu kilomita na wewe unahesabu nini?"

Tulikuta watu wamepanga mustari kumupa pole inspecteur, na Fabien akasimama katika mustari, akatoa kofia, akafikia mufiwa, akashika mukono wake, akasema pole, na hakuachia ule mukono. Inspecteur akamuangalia. "Papa secrétaire, hata hapa kwa matanga?" Fabien akasema, "Inspecteur, unisamehe, marehemu ataningojea nimulilie vizuri, lakini liste haitangoja." Inspecteur akaomba bic, akasainia juu ya mugongo wangu mimi, ndio, mugongo huu munaouona, na tukarudi, pneu ikapasuka Kavumu, Fabien akakimbia kwa miguu mpaka akapata moto ingine, na karatasi ikapokelewa saa tisa pungufu dakika kumi.

Lakini hakupumua. Colombe aliandikwa na mukono, chini kabisa, numéro soixante-trois, wengine wote walitoka kwa machine, na Fabien akashika katika kichwa kwamba machine itauruka mustari wa mukono. Mutoto akafanya dissertation, akafanya siku zote za juin, akatoka akicheka, na yeye akamuuliza tu, "Code uliandika yote? Yote kabisa?" Colombe akamuambia, "Papa secrétaire, utaniotesha mvi mbele ya diplôme."

Siku ya kwanza ya juma tarehe 15 juillet, tension ya damu ikapanda, akaanguka mbele ya armoire, kabati ya shule, upande wa kuume ukakufa, na maneno yake yakaharibika, hata jina la Apolline alilitafuta bila kulipata, lakini kila asubuhi pale hospitali aligusa téléphone na mukono wa kushoto na kutaja zile chiffres kumi na ine, moja moja, bila kosa, Apolline akiandika, na téléphone ikijibu matokeo haijafika. Siku kumi na moja. Siku ya Ijumaa tarehe 26 juillet ikajibu: Colombe amepita, asilimia cinquante-huit. Apolline akamusomea kwa sikio, na Fabien akafungua macho, akasema wazi wazi, "Na wale soixante-deux wengine?" Kisha akaenda.

Familia inashukuru waganga na ba infirmières waliomutunza bila kuchoka, majirani waliomubeba juu ya banc ya shule mpaka kwa barabara, kwa sababu gari haifike kwetu, walimu wenzake, na inspecteur mwenyewe, iko pale nyuma ameketi, Inspecteur, leo hatukuletee karatasi.

Nilitaka kukaa sasa. Lakini Fabien alikufa kwa sababu ya signature moja chini ya karatasi yenye kosa, na mimi pia nitasaini hii, itabaki kwa familia. Basi niseme: message ilifika saa kumi, na munganga alikuwa amemufunika toka saa nane. Lile neno la mwisho nililitunga mimi, jana, kwa sababu dada yangu alikuwa bado anashika téléphone na hakuna mutu wa kumusomea. Yale mengine niliyaona. Na munamujua, angeuliza vile.

Colombe, acha kulia, simama watu wakuone.

Fabien, nimehesabu mara tatu. Wako soixante-trois. Fungua mukaba sasa, shemeji, ulale.